Fomu Niliyoijaza Sebuleni

Kosa langu la kwanza la udaktari nililifanya nikiwa nimevua viatu. Ilikuwa Jumapili mchana, niko sebuleni kwa mama yake mchumba wangu, nimekunja miguu kwenye kochi, nimeshiba, na juu ya meza ya kioo kulikuwa na fomu ya kampuni ya mabasi. Fomu ilimtaka daktari athibitishe kwamba dereva ana afya njema. Daktari nilikuwa mimi. Dereva alikuwa yeye, amekaa kando yangu, ananichokoza ubavuni kwa kidole kila nikishika kalamu.

Wenzake wanamwita Taratibu. Alikuwa anaendesha gari la mikate, kazi ya mchana, na kwa miaka sita hakuna askari aliyewahi kumsimamisha kwa mwendo. Sasa kampuni ya mabasi ya masafa marefu ilikuwa imemkubali. Angeanza Jumatatu ya wiki iliyofuata, basi la abiria hamsini, linaondoka jioni linafika asubuhi. Kilichobaki ni fomu tu.

"Presha?" nikasoma.

"Ipo," akasema. "Inapanda kila nikikuona."

Mama yake akacheka kutoka kwenye cherehani yake pale dirishani. Presha nikampima kweli, maana kipimo nilikuwa nacho kwenye mkoba. Nikamsikiliza moyo, nikamsikiliza mapafu. Kwenye masikio nikamnong'oneza neno ambalo sitaliandika hapa, na akalisikia vizuri sana. Tukafika kwenye macho.

"Soma ile kalenda ukutani."

Akaisoma yote, mpaka jina la wachapaji lililojificha chini kwa herufi ndogondogo. Nikaandika sita kwa sita, yaani uoni kamili, macho yote mawili. Mstari uliofuata uliuliza kama anaona vizuri pembeni. Hapo unatakiwa ukae na mtu uso kwa uso, afunike jicho moja, umpitishie kidole kutoka pembeni. Dakika tatu tu. Mimi nikaweka alama ya ndiyo, kwa sababu macho yale nilishayajua. Nilikuwa nimeyatazama mwaka mzima na nusu. Nikagonga muhuri wangu mpya, mama yake akapiga makofi, tukanywa soda.

Nilikuwa na wiki sita tangu kula kiapo. Tulisimama kwenye ukumbi wa chuo, mkono wa kulia juu, joho limenibana kwapani, na mkuu wa kitivo akatuambia: "Kuanzia leo mkisaini, chuo hiki kimesaini. Msituaibishe." Tukaitikia kwa sauti kubwa. Nikisema nilikuwa nasikiliza nitakuwa naongopa. Nilikuwa namtafuta Taratibu kwenye viti vya wageni.

Na niseme basi habari ya macho yake, maana ndiyo yaliyoniponza. Wapo wanaume wanaokutazama kwa kuibaiba, jicho moja kwako na jingine kwenye simu. Taratibu hana hayo. Ukimwita akiwa anakunywa chai, anaweka kikombe chini, anageuka na mabega na yote, anakuletea uso mzima. Anakutazama mpaka unasahau ulichotaka kusema. Tukitembea jioni, jua likishazama tu, vidole vyake vinatafuta vyangu na haachii mpaka tufike kwetu. Shangazi yangu, ambaye hampendi mtu, alisema, "Huyo ana adabu. Huyo anajua kumwangalia mwanamke." Kwetu hawakutaka niolewe na dereva wa mikate. Ni macho yale yaliyowalainisha. Na mimi kichwa kikavimba, sitaki kusema uongo.

Alhamisi nikapangiwa kliniki ya macho.

Bingwa wetu ni mama mfupi mwenye sauti kavu, na madaktari wapya tunamwogopa kuliko mitihani. Siku ile alikuwa na mgonjwa, mwalimu wa hesabu wa makamo, aliyekuja kwa sababu anawagonga wanafunzi akipita katikati ya madawati. Bingwa akamwomba ruhusa atufundishie, mwalimu akakubali.

"Mtazameni anavyoniangalia," akasema bingwa. "Mwalimu, mimi nahamia huku. Mmeona? Amegeuza uso mzima. Katikati anaona vizuri kabisa, pembeni hakuna kitu. Ni kama mtu anachungulia ndani ya bomba. Giza likiingia ndiyo balaa, hapo mpaka ashikwe mkono." Akatutazama mmoja mmoja. "Dada zangu, mtu wa namna hii akikuangalia utadhani anakupenda."

Wote wakacheka. Mwalimu mwenyewe akacheka. Mimi nilibaki nimemkodolea macho bingwa.

"Wewe dokta, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi uliza swali, usinikodolee."

"Mtu kama huyu, ukimsomesha kitu kilichoandikwa ukutani?"

"Atakisoma mpaka nukta. Ndiyo maana daktari mjinga atamwandikia ni mzima."

"Na ugonjwa huu unarithiwa?"

"Mara nyingi. Ukiuliza vizuri utakuta kuna babu, kuna mjomba. Familia huwa zinaficha." Akarudi kwa mwalimu. Mimi sikumbuki tena aliyoyasema mpaka saa nane.

Saa tisa nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja kwa mama yake. Njia nzima nilijiambia kwamba nimechoka, kwamba kila daktari mpya huwaona ndugu zake wote ni wagonjwa. Nilitamani sana iwe hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?" Alikuwa kwenye cherehani, anapandisha pindo la suruali ya sare mpya, rangi ya kijivu, mshono mwembamba pembeni. Taratibu alikuwa amevaa shati lake tayari. Aligeuka na mabega na yote.

"Dokta wangu! Niambie ukweli, nimependeza au sijapendeza?"

"Umependeza." Nikavuta viti viwili nikaviweka goti kwa goti. "Kaa hapa. Funika jicho la kushoto. Nitazame puani, usihamishe jicho. Ukiona kidole changu kinacheza popote pale, sema."

"Mchezo gani tena huu?"

"Fanya tu, nakuomba."

Akafanya. Nikanyoosha mkono pembeni, mahali ambapo mimi mwenyewe nakiona kidole bila shida, nikakichezesha. Kimya. Nikakisogeza ndani, nikakichezesha tena. Kimya. Alikuwa ameikazia macho pua yangu kwa utiifu kabisa, anatabasamu, anasubiri.

"Haya, anza basi," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza zamani. Kidole kilikaribia kugusa sikio langu ndipo akaruka kitini: "Hicho hapo!" Alifurahi kweli, kama mtu aliyeshinda.

Nikabadilisha jicho. Mambo ni yaleyale. Cherehani ikanyamaza.

"Vioo vya pembeni vya gari la mikate," nikasema, "unavivunja mara ngapi kwa mwaka?"

"Mageti ya watu ni membamba."

"Yote?"

Akaanza kuchezea kifungo cha shati.

"Gizani unaona?"

"Nani anaona gizani? Giza ni giza." Kisha akaniangalia, na tabasamu likaanza kuondoka. "Kwani wewe unaona?"

"Naona, Taratibu. Si sana, lakini naona. Watu wengi wanaona."

Miaka thelathini na moja alikuwa anadhani watu wote wako hivyo. Nilimwonea uchungu, lakini sauti yangu ilitoka ya kliniki, imenyooka, na siipendi nikiikumbuka.

"Kuna mtu kwenye ukoo wenu aliyepofuka?"

"Mjomba. Lakini yule ilikuwa ni sukari."

"Mama?" nikauliza.

Mama yake alikuwa ameshika ile suruali kwa mikono miwili. "Mwache mtoto," akasema.

"Mama," Taratibu akasema, "si ulisema ni sukari?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Ningekuambia nini?" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Kaka yangu hakuwa na sukari hata chembe. Alianza hivihivi, kugonga milango, kushikwa mkono jioni. Alipofika arobaini na mbili ikawa basi. Nilikuwa nakutazama wewe kila siku. Ukijikwaa naogopa. Usipojikwaa namshukuru Mungu. Nilisema labda imekupita."

Taratibu alisimama akaenda dirishani, akapiga goti lake kwenye kona ya meza ya kioo. Alikuwa ameigonga meza ile mara nyingi tu, na mimi nilikuwa nacheka. Sikucheka.

"Sawa," akasema akiwa ametupa mgongo. "Nimesikia. Lakini fomu iko kwao tayari. Umeshasaini. Leo hukuja hapa, hukuona kitu."

"Nimeona."

"Nipe miezi sita. Nipate kazi ya maana, wazee wako waache kuniita muuza mikate, tufunge ndoa. Halafu nitaacha mwenyewe. Unanijua mimi. Mimi si mtu wa fujo barabarani."

"Nakujua. Kuna abiria hamsini hawakujui. Wanapanda kwa sababu kuna karatasi inayosema unaona, na karatasi hiyo nimeiandika mimi hapa, nikiwa nachezeana na wewe. Kesho naenda kuiondoa."

"Utaiondoa vipi? Utawaambia wewe ni mwongo?"

"Nitawaandikia barua kwamba sikupima."

"Watakufukuza kazi!"

"Inawezekana."

Mama yake akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama akiwa na hasira. "Wewe binti, humu ndani uliingia kama mkwe. Nimekupikia, nimekuita mwanangu. Leo umegeuka mpelelezi? Wangapi wanaendesha na hawaoni? Wewe ndiye utakayeisafisha dunia nzima?"

"Mama, mimi siwezi kuisafisha dunia. Nina fomu moja tu."

"Basi ukiipeleka hiyo barua, usinijie tena hapa."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Taratibu akanigeukia, uso mzima, kama kawaida yake, na nikashindwa kuutazama.

"Subiri," akasema. "Ulikuwa unaniambia unapenda ninavyokuangalia. Hiyo nayo ni dalili?"

"Ndiyo."

"Na kukushika mkono jioni?"

"Ni dalili pia." Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Nilikuwa naupenda ugonjwa na sikujua."

Neno likatoka, na likabaki pale sebuleni. Nilitamani ninyamazishwe na mtu kabla, lakini hakuna aliyeninyamazisha.

"Mkono nilikuwa nakushika hata saa sita mchana," Taratibu akasema. "Jua linawaka. Wewe ulikuwa huhesabu hizo." Akafungua mlango, akanisubiri nitoke.

Nililia barabarani, mbele za watu, bila aibu. Kisha nikafika nyumbani nikaandika barua. Ilikuwa na mistari minne. Mimi fulani, daktari, nilithibitisha afya ya dereva huyu bila kumpima macho kikamilifu. Nimempima upya. Hafai kuendesha chombo cha abiria. Kosa ni langu, si lake.

Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa bingwa. Nilimpa nakala. Akasoma amesimama, mkoba bado begani.

"Ulimpimia wapi?"

"Sebuleni, mama. Ni mchumba wangu."

"Na alama ya pembeni uliiweka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nampenda."

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alinyoosha mkono. "Lete muhuri." Nikampa. "Mwezi mmoja utafanya kazi chini ya saini yangu. Na chuoni nitaandika. Nimefundisha pale miaka ishirini, nina haki ya kujua watu gani tunawatoa mlangoni na majoho. Barua ya mabasi umeshapeleka?"

"Nilitaka kwanza nikuone wewe."

"Kwanza nini? Mimi nina basi? Toka, nenda!"

Nikaenda. Ofisi ya kampuni iko nyuma ya karakana, chumba kimoja chenye mafaili mpaka kwenye dari na harufu ya dizeli. Msimamizi wa madereva alikuwa mzee wa kijiti mdomoni. Alisoma barua yangu, akaisoma tena, akatoa kijiti.

"Binti, unajua unamharibia kijana wa watu maisha?"

"Najua."

"Ningeweza kuitupa hii kapuni, kila mtu akaendelea na yake."

"Kuna nakala hospitali. Ukiitupa nitaleta nyingine."

"Kumbe una kiburi. Wewe kwake ni nani hasa?"

"Mchumba wake."

"Mpaka leo?"

"Sijui, mzee. Leo bado ni asubuhi."

Alinitazama, kisha akainuka, akavuta faili, akaitoa fomu yangu. Niliona mwandiko wangu, mzuri, wa mtu mwenye furaha. Akaipiga mistari miwili kutoka kona hadi kona na kunisainisha chini. "Dereva mwingine nitampata," akasema. "Mchumba sijui."

Nilipotoka, Taratibu alikuwa getini. Alikuwa amevaa fulana yake ya kawaida na ameshika mfuko wa plastiki, sare imekunjwa ndani. Hakuniona mpaka nilipomkaribia kabisa, kwa sababu nilitokea pembeni.

"Ni mimi," nikasema.

"Nimekusikia viatu." Akageuka. "Umewapa?"

"Nimewapa. Fomu imefutwa."

Akatikisa kichwa polepole. Nilijiandaa kwa matusi. Nilistahili kidogo.

"Nilikuja kuirudisha hii," akasema akiinua mfuko. "Usidhani nimekuja kwa ajili yako. Asubuhi nimeamka nimekuta mama amefumua pindo lote alilolishona. Ameikunja, ameiweka mezani. Basi nikaichukua nikaja."

"Mama hajambo?"

"Hataki kukuona. Amesema pia nikuulize kama umekula."

Nilitaka kucheka, ikatoka kwikwi. Nyuma yetu fundi alikuwa anagonga chuma, abiria wanashusha mabegi, maisha ya watu yanaendelea.

"Nimekosa jana," nikasema. "Lile neno la mwisho."

"Ulikosa."

"Nisamehe."

"Nitaona." Akahamisha mfuko mkono mwingine. "Mjomba alikuwa na arobaini na mbili. Mimi nina thelathini na moja. Nimebakiwa na mingapi?"

"Hakuna anayejua. Inaweza kuwa zaidi, inaweza kuwa pungufu. Dawa ya kuirudisha hakuna. Jumatatu nitakupeleka kwa bingwa, atakupima vizuri kuliko mimi."

"Hayo ni maneno ya daktari."

"Ndiyo."

"Mwambie daktari apumzike. Nataka kuongea na mwenzangu."

Sauti yangu ya kliniki ikagoma kutoka. "Naogopa," nikasema. "Nakupenda na naogopa. Sijui nifanye nini. Kama hunitaki sema sasa hivi, nisikae nikisubiri."

Alinitazama usoni, karibu sana, kisha akakunja kipaji kama mtu asiyeridhika na alichokiona.

"Rudi nyuma," akasema.

"Nini?"

"Rudi nyuma kidogo. Ukiwa karibu hivi napata pua na jicho tu. Ongeza. Ongeza tena."

Nikarudi hatua tano, sita, kumi, mpaka nikawa katikati ya geti, mabegi ya watu yananipita huku na huku. Akainua mkono.

"Hapo hapo. Sasa nakuona wote, mpaka viatu. Usisogee."

Sikusogea. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, nikaogopa hata kuinua mkono. Mlinzi akatoka kibandani mwake na kirungu.

"Dada, hapo ni njia ya mabasi, ondoka!"

"Mwache kwanza," Taratibu akamwambia, macho bado yako kwangu. "Sijamaliza."